UZI: Miaka 14 nimebeba trei hapa hapa, leo naambiwa uso wangu umechoka niende kufua mashuka

Mama_Trei (mwanzisha uzi)

Habari zenu ndugu na dada. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa tuko watu wa Arua, wa Busia, wa Mbarara, kuna Wakongo, kuna wa Kenya na Tanzania pia, na hii shida yangu sidhani iko na kabila.

Mimi niko na miaka 39. Kazi ya hoteli nilianza 2007, ule mwaka wa CHOGM, mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola, Kampala ilikuwa imejaa wageni na kila hoteli inatafuta watu, nikaingia bila kujua hata kushika trei na mkono mmoja. Hapa nilipo sasa niliingia 2011. Nimeanza kama weita wa kawaida, nikawa wa bafe, nikapewa shifti ya asubuhi nisimamie wenzangu sita. Barua ya onyo sijawahi pata hata moja. Kipindi cha korona hoteli ilipofunga nilirudi kijijini, nilipoitwa nikarudi na mshahara nusu na sikulalamika, tukafanya hivo miezi mingi mpaka wageni wakarudi.

Mwaka huu mwenye hoteli amezeeka akamwachia kijana wake. Huyo kijana simtukani, ana heshima yake, hata ananiita nyabo. Lakini mwezi uliopita alituita wanawake watatu ofisini, mimi, mwenzangu wa risepsheni na mwingine wa restoranti, wote tumepita 35. Akasema AFCON 2027 inakuja, Uganda tunaandaa pamoja na Kenya na Tanzania, wageni watakuwa wengi, hoteli inatakiwa iwe na sura freshi. Alafu akaniangalia mimi akasema nyabo, wewe ni mchapakazi lakini uso wako umechoka, mgeni akiamka asubuhi anataka aone kitu kinachomfurahisha. Hivo hivo. Mwenzangu wa risepsheni akaanza kulia pale pale.

Chaguo alilotupa ni mbili, twende nyuma kwa dobi tufue na kupiga pasi mashuka, ama tuandike barua kwamba tumeacha kazi wenyewe na atatupa kitu kidogo cha asante. Mshahara wangu ni 480,000 na kwa dobi unabaki hivo hivo, lakini tipu na sevisi chaji huko hakuna, na hiyo ndio imenilipia skuli fizi miaka yote hii, mmoja yuko S3 na mwingine P6.

Kitu kinachoniuma zaidi ya vyote, ukiingia hoteli pale karibu na ngazi kuna picha kubwa ya binti na trei ya juisi anacheka. Huyo ni mimi, 2012. Nilipigwa na mpigapicha wao wakaiweka ukutani, ikaingia kwenye vitabu vya matangazo, mpaka leo iko. Sikulipwa kwa hiyo picha. Yaani sura yangu ya miaka 26 inaruhusiwa kukaribisha wageni, mimi mwenyewe nijifiche nyuma na mashuka.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi nijibu. Nifanye nini? Mwenye anajua anisaidie, na wenye yamewapata mseme.

---

Mpishi_Wandegeya

Pole sana dada. Mimi ni mpishi, niko jikoni miaka 19 na naomba niseme kitu ambacho mabosi hawakioni kwa sababu hawasimami pale dirishani kwa kutolea chakula.

Weita mzoefu ndiye anaokoa jiko. Anajua meza ya nne wamekuja na haraka kwa hiyo haandiki kuku wa kuchoma, anawashauri kitu kilicho tayari. Anajua huyu mzee ana sukari, ile chai yake haiwekwi asali. Akiona watu watano wanakunywa na mmoja mmoja anatoka kwenda chooni na koti lake, anakuja ananiambia ufunge bili ya ile meza mapema. Hayo yote hayafundishwi kwa wiki mbili. Ukimtoa mbele ukaweka msichana wa wiki mbili, oda zinarudi jikoni, mimi napiga kelele, yeye analia, mgeni anangoja dakika 50, alafu bosi anakuja kuuliza kwa nini watu wanaandika mabaya kuhusu hoteli yake.

Na usiku wa kwanza wa hao wasichana nani anawafundisha? Ni nyinyi nyinyi mnaoitwa mmechoka.

---

BintiArua

Aunti Mama_Trei shikamoo. Mimi niko na 23, niko upande ule mwingine, wa hao "freshi", na nataka mjue hatujashinda chochote.

Kazi yangu ya kwanza Kampala niliona tangazo kwenye grupu ya WhatsApp, linasema wanahitajika wasichana wa baa, umri 18 mpaka 25, mrembo, mweupe kidogo, tuma picha ya mwili mzima. Hakuna mahali waliuliza umesoma wapi. Mimi nilikuwa na cheti changu cha hoteli, mama yangu aliuza mbuzi wawili nikisoma, nikatuma cheti na picha, wakajibu kuhusu picha tu. Meneja alinipa yunifomu saizi ndogo kuliko mimi makusudi. Nilipomwambia inabana alisema ndio inavyotakiwa.

Alafu mgeni akikushika, ukienda kwa supavaiza unaambiwa vumilia, huyo ni mgeni mzuri anamwaga pesa. Ukikasirika wewe ndiye mbaya, huna hospitaliti. Nilivumilia miezi saba. Kulikuwa na msichana mwenzangu mweusi kama mimi aliambiwa akiwa brown atapelekwa upande wa VIP, akaanza kupaka makrimu ya kujichubua anayonunua kwa chupa zisizo na jina, uso ukaungua akafukuzwa. Walimharibu alafu wakamfukuza kwa kuharibika. Sitasahau huyo mtu.

Kwa hiyo mimi nikikuangalia aunti najiona mimi baada ya miaka michache tu. Hata sio 39. Pale tulikuwa na dada wa 28 tayari wanamwita jajja, yaani bibi.

---

MwenyeLoji_Mbarara

Nitasema ukweli ingawa najua nitapigwa. Mimi niko na loji ya vyumba 18 njia ya kwenda Kabale. Sitetei maneno ya huyo kijana, kumwambia mama mzima uso wako umechoka ni kukosa malezi. Lakini biashara iko na presha yake. Mteja wa baa anakuja kuburudika, akikuta mahali pa jirani kuna wasichana wadogo wadogo anahama. Nimeyaona kwa macho yangu. Umeme nalipa, leseni nalipa, mkopo wa benki unaniangalia. Sasa mwenye biashara afanye nini, afunge?

---

Dereva_Malaba

@MwenyeLoji_Mbarara mzee naomba nikujibu kama mteja. Mimi ni dereva wa trela, Mombasa mpaka Kampala, saa zingine Juba. Nalala nje ya nyumba yangu usiku mwingi kuliko ninavyolala kwangu. Pale Malaba kuna loji nalala miaka tisa sasa, na sababu ni mama mmoja wa hapo, anapita hamsini nadhani. Nikifika saa nane usiku ananifungulia geti, maji ya moto yako, simu yangu nikiisahau naipata. 2020 madereva tulipokuwa tunakaa mpakani siku na siku tukingoja majibu ya vipimo vya korona, watu wengine wanatukimbia kama sisi ndio ugonjwa, huyo mama alikuwa anatuletea chakula mpaka kwenye gari.

Wateja unaowasema wako, siwakatai. Lakini hao wakipata pengine pa wasichana wadogo zaidi wanakuhama na wewe pia. Mimi sijahama miaka tisa.

---

Karani_wa_Sheria

Nimesoma uzi wote. Nafanya kazi na mawakili, mimi mwenyewe sio wakili bado, kwa hiyo chukueni hii kama maelezo alafu muende kwa wenye ofisi.

Tuanze na sehemu mbaya. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakataza ubaguzi kazini na imetaja sababu zake: rangi na asili ya mtu, jinsia, dini, siasa, kuwa na virusi vya UKIMWI, ulemavu. Ukisoma ile orodha utatafuta neno umri na hutalipata. Sura ndio kabisa haimo. Katiba yetu ya 1995 kwenye ibara ya 21 inayozungumzia ubaguzi, umri pia haupo. Unakutana nao kwenye ibara ya 32, pale serikali inapotakiwa kuwainua watu walioachwa nyuma kwa sababu ya jinsia, umri, ulemavu, na hapo ndipo ilipotoka Tume ya Fursa Sawa, sheria yake ni ya 2007. Kwa hiyo bosi akiwa na mwanasheria mjanja atasema tu, onyesheni mahali sheria ya kazi imenikataza kuangalia umri.

Sasa Mama_Trei kabla sijaendelea naomba unijibu swali moja na ufikirie vizuri. Hapo hotelini kwenu wanaume wa umri wako na kuzidi wako wapi?

---

Mama_Trei

Wanaume?

Barman ana 47. Hed weita wa jioni ana 51, mvi kichwa kizima na tumbo. Concierge wa mlangoni sijui umri wake lakini ana wajukuu. Hakuna aliyeitwa ofisini. Hed weita bosi anamsifia mbele ya wageni, anasema huyu ni mzee wa kazi, hoteli hii anaijua kuliko mimi.

Banange. Sikuwa nimewaza hivo kabisa.

---

Karani_wa_Sheria

Basi hapo ndipo kesi yako ilipo.

Kama umri ungekuwa ndio shida, wangeitwa wote. Walioitwa ni wanawake watupu. Mvi za mwanaume zinaitwa uzoefu, mikunjo ya mwanamke inaitwa kuchoka, kazi ni ile ile, trei ile ile. Huo ni ubaguzi wa jinsia umevaa nguo ya umri, na jinsia IMO kwenye sheria, imo kwenye Katiba na imo kwenye mkataba namba 111 wa ILO, lile shirika la kazi duniani, ambao Uganda tumeuridhia. Usiende kusema "wamenibagua kwa uzee". Nenda na majina ya nafasi na umri: barman 47 yuko mbele, hed weita 51 yuko mbele, mwanamke 39 anapelekwa nyuma.

Mengine ya kushika:

Usiandike barua ya kuacha kazi. Usiandike, usisaini, hata wakikuletea imeshachapwa na bahasha ya pesa juu yake. Ukiandika umeondoka mwenyewe na haki nyingi zinaondoka na wewe. Mtu aliyefanya kazi zaidi ya miaka kumi sheria inamtaka apewe notisi ya miezi mitatu kwa maandishi, hiyo ndio anataka kuikwepa kwa kukupa "asante".

Usipige kelele wala usikatae kwenda shifti, wasije wakasema umetoroka kazi. Nenda, ila andika barua fupi kwamba huo uhamisho wa dobi hujaukubali na unaomba sababu kwa maandishi. Weka kopi, tuma na kwenye WhatsApp ili ibaki tarehe. Na kama maisha kazini yatafanywa magumu mpaka ushindwe kubaki, sheria inalijua hilo pia, mtu akilazimika kuondoka kwa sababu ya mwenendo mbaya wa mwajiri inahesabiwa kwamba ni mwajiri aliyemwachisha.

Mashtaka ya kufukuzwa isivyo haki yanapelekwa kwa ofisa wa leba na muda ni miezi mitatu tangu siku ya kufukuzwa. Watu wengi wanalia nyumbani miezi minne ndio wanakuja kuuliza.

Na angalia NSSF yako, ule mfuko wa akiba ya uzeeni. Mwajiri anatakiwa aweke asilimia 10 juu ya ile 5 inayokatwa kwako. Omba stetimenti usome mwezi kwa mwezi.

---

Mama_wa_Kinawataka

Hapo kwa NSSF ndio naumia mimi. Pesa ya uzeeni inatoka ukiwa na 55. Ile sheria mpya ya 2022 imesaidia kidogo, ukifika 45 na umechanga miaka kumi unaweza kutoa sehemu. Sasa kwa hoteli mwanamke anazeeka na 35, kwa NSSF anazeeka na 55. Hiyo miaka ishirini katikati tunakula nini? Mimi nilitolewa risepsheni na 36, nauza matoke sasa, na Kiingereza changu na Kifaransa changu na kompyuta yote niliyosoma. Wateja wa matoke hawaniulizi umri, lakini kile kitu nilisomea nilikuwa nakipenda, nilikuwa najua kumpokea mtu aliyechoka na safari.

---

Dada_Mpakani

Mimi naishi Busia upande wa Uganda, kazi niko upande wa Kenya, navuka kila asubuhi. Kule Katiba yao ya 2010 ibara ya 27 imeandika umri wazi wazi, imeandika ujauzito, hali ya ndoa, mpaka mavazi. Hatua chache tu kuvuka mpaka na haki zinabadilika.

Lakini msidhani kule ni peponi. Niliomba kazi restoranti moja nikaambiwa nafasi imejaa, jioni msichana wa jirani yangu wa 20 akaitwa kwa nafasi ile ile. Hakuna aliyetamka neno umri. Wamejifunza kunyamaza. Tofauti ni kwamba wakiteleza wakasema mdomoni au wakaandika kwenye tangazo, una mahali pa kushika.

---

Mwalimu_wa_Tanga

Tanzania pia umri upo kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetaja umri, imetaja mimba, ndoa, na majukumu ya familia. Kwa nini wenzetu wa Uganda hamna hilo neno moja? Wabunge wenu waulizwe.

---

Maman_Kivu

Niseme na mimi kidogo. Sisi Wakongo hapa Kampala tunachukuliwa kwa baa haraka haraka, bosi anasema Wakongo ni warembo, wanajua kuvaa na kucheza. Mtu anasikia kama ni sifa. Mkataba hakuna, mshahara ni kwa mdomo, na kwa sababu wewe ni mkimbizi wanajua hutaenda polisi. Nilikuwa nesi kule kwetu. Hapa hakuna aliyetaka kujua nilikuwa nani, waliangalia miguu. Nikapata mimba, wiki ile ile nikaambiwa nisirudi.

---

Karani_wa_Sheria

@Maman_Kivu pole mama. Kwa sheria ya hapa mimba sio sababu halali ya kumfukuza mtu, na likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi na mshahara kamili. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, usidhani kwa vile hakuna karatasi huna haki. FIDA, wale wanawake mawakili, wanasaidia bila malipo, nenda na uwaambie kila kitu.

---

Msafiri_Entebbe

Nimefanya kazi kwenye ndege miaka kumi na moja, nataka kuwapa moyo na historia moja. Marekani miaka ya 1950 na 1960 mahostesi wa ndege walikuwa wanaondolewa wakifika 32, kampuni nyingine 35, ukiolewa unaondoka, uzito ukipanda kilo chache unaondoka. Wanapimwa kabisa kwenye mzani. Wanaume waliokuwa kwenye ndege hawakuwekewa masharti hayo. Sheria ya haki za raia ilipopita 1964 ikikataza ubaguzi wa jinsia kazini, wale dada waliishika hiyo hiyo jinsia wakapambana nayo, na ndani ya miaka michache yale masharti ya umri na ndoa yakaanza kuanguka. Umri wenyewe ulikuja kuandikiwa sheria yake 1967 na inalinda kuanzia 40, kwa hiyo hostesi wa 32 isingemsaidia kitu.

Kwa hiyo hilo swali la Karani, wanaume wako wapi, sio la leo. Leo unapanda ndege unakuta mama wa miaka sitini anakufungia mkanda na hakuna anayeshtuka.

---

Kijana_wa_Ntinda

Tusisahau hapa kwetu hata serikali imechangia. 2019 waziri mdogo wa utalii, Kiwanda, alizindua shindano la Miss Curvy akasema wanawake wenye maumbo waingizwe kwenye vivutio vya watalii vya nchi. Wanawake walipiga kelele kweli kweli, wakasema hatuwezi kuwekwa mstari mmoja na sokwe wa milimani. Sasa kama waziri anaweza kusema hivo mbele ya kamera, huyo kijana mwenye hoteli amejifunza wapi?

---

Mama_wa_Kinawataka

Nakumbuka! Nilikuwa bado risepsheni. Mgeni mmoja alisoma kwenye simu akaniuliza kama na mimi niko kwenye orodha. Nilimpa funguo yake nikatabasamu kama tulivyofundishwa. Nilienda stoo nikakaa kidogo ndio nikarudi.

---

MwenyeLoji_Mbarara

Nimesoma yote mara mbili. Jana nimeita mke wangu tukahesabu wafanyakazi wetu. Wanaume wa mbele watatu, mmoja 44, mmoja 38, mmoja 29. Wanawake wa mbele watano, mkubwa ana 27. Nyuma kwa kufua na kusafisha vyumba wanawake wote wamepita 30. Mimi ndiye niliyewapanga hivo na sikumbuki siku niliyoamua.

Bado nasema wateja wa baa wako hivo na sijui nitafanyaje na hilo, sitawadanganya hapa. Lakini risepsheni sio baa. Kuna mama yuko kwa vyumba amefika S6 na anaongea Runyankore, Kiswahili na Kiingereza, nimemwambia Jumatatu aanze kukaa dawatini ajifunze kompyuta.

---

BintiArua

Mzee asante kwa kusema ukweli. Ila hata baa, tangazo lako linalofuata usiombe picha. Omba cheti. Anza na hapo tu.

---

Mama_Trei

Ndugu zangu narudi, samahani nimekaa wiki tatu kimya.

Barua ya kuacha sikuandika. Ile nyingine niliandika, Karani alinisaidia inbox, nikakataa dobi kwa heshima na nikaomba sababu kwa maandishi. Bosi hakujibu. Mwenzangu wa restoranti alikuwa ameshasaini, alipewa 300,000, ameondoka. Wa risepsheni hakusaini, tumebaki wawili.

Tulienda kwa ofisa wa leba pamoja. Ni mama pia, nadhani tunalingana umri. Alitusikiliza mpaka mwisho alafu akauliza swali lile lile, wanaume. Tukampa orodha, nafasi na umri. Akamwita bosi. Bosi alikuja na karatasi zake akasema ni mpangilio wa kawaida wa biashara, hakuna aliyefukuzwa. Ofisa akamuuliza kama ni mpangilio, hed weita wa 51 umempanga wapi? Akasema yeye ni mwanaume, ni tofauti. Ofisa alinyamaza, akaandika. Nilimwona anaandika neno kwa neno. Bosi naye alimwona, akataka kueleza tena lakini maneno yakawa hayapangiki.

Bado haijaisha. Tumeambiwa turudi, na mpaka hapo nibaki kwenye shifti yangu ya asubuhi kama kawaida. Kazini ni pagumu, wenzangu wengine wananikwepa wanaogopa, meneja ananiongelesha kupitia mtu. Lakini wageni wangu wa asubuhi wamenipokea vizuri, kuna mzee anakuja kila mwezi kwa mkutano, aliuliza nilikuwa wapi zile siku, nikasema nilikuwa na shughuli.

NSSF niliangalia. Kuanzia katikati ya 2020 mpaka mwisho wa 2021 ni sifuri tupu, na ule mshahara nusu tuliokuwa tunalipwa 2021 ulikuwa unakatwa. Hiyo nayo imeingia kwenye faili.

---

Karani_wa_Sheria

Na ile picha? Usiiache. Sheria ya kulinda taarifa za mtu ya 2019 inataka ridhaa yako, na uso wako ni taarifa yako. Piga picha ile picha pale ukutani, uchukue na kitabu kimoja cha matangazo. Mtu hawezi kusema uso huu haufai kukaa mbele na huku ameutundika mbele miaka 13.

---

Mama_Trei

Nimeshapiga. Nilifika saa kumi na moja asubuhi kabla watu hawajaamka, nikasimama pale kwa ngazi nikaipiga na simu, na kitabu ninacho. Nimeandika kwenye barua kwamba waitoe au wanilipe, wachague.

Tunarudi tarehe 18, saa tatu asubuhi. BintiArua alinipigia jana, amebadilisha shifti yake ili aje na sisi. Nimemwambia aje na cheti chake.